Maytag ya rola, Hoovermatic au otomatiki ya zamani: ipi uanze kuifufua?

Kutoka Des Moines hadi Newton, jimboni Iowa, ni dakika kama 40 kwa gari, barabara imenyooka katikati ya mahindi na soya. Newton ndiko F. L. Maytag na wenzake walikoanzisha kampuni mwaka 1893, wakitengeneza vifaa vya mashine za kupura nafaka. Mashine yao ya kwanza ya kufulia nguo ilitoka 1907. Kampuni ilinunuliwa na Whirlpool mwaka 2006 na kiwanda cha Newton kikafungwa mwaka uliofuata, lakini maghala ya mashambani yaliyouzunguka mji ule bado yamejaa kazi ya mikono ya watu wake. Mzee akifariki, watoto wakiita mnada wa vitu vya nyumbani, hukosi kuona mashine moja imesimama kwenye kona ya ghala, imefunikwa gunia.

Waswahili wa huku Iowa tuko wengi: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Tangu niweke mashine mbili za zamani kwenye chumba cha chini ya nyumba, kila anayekuja kunitembelea huzizunguka, huzigusa, kisha huuliza: na mimi nikitaka, nianze na ipi? Ndugu zetu wa Uingereza nao huuliza hilohilo wakiwa na mashine zao akilini. Nitaweka tatu ubavu kwa ubavu: Maytag ya rola za kukamulia, Hoovermatic ya matangi mawili, na Maytag otomatiki ya kufungulia juu ya miaka ya 1960 na 1970.

Nitazipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: ni kipuri gani kikifa hutakipata tena? Rangi inapakwa. Kutu inasuguliwa. Waya unabadilishwa kwa nusu saa. Ila kila mashine ya zamani ina kitu kimoja au viwili ambavyo vikishakwisha, basi umebaki na pambo. Ukikijua kitu hicho kabla hujatoa pesa, umeshafanya nusu ya kazi.

Maytag ya rola

Hii ndiyo ninayoijua kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Model E, yenye beseni la mraba la alumini ya kusubu, ilianza 1939. Ipo pia Model N, yenye beseni la duara la chuma lililopakwa enameli. Kampuni iliendelea kuunda mashine za rola hadi Novemba 1983, muda mrefu baada ya otomatiki kuenea, maana wateja waliozitaka hawakukoma. Kwa hiyo zipo nyingi, na wingi wake ndio unaozifanya ziwe rafiki kwa anayeanza: ukinunua moja nzima na nyingine mbovu ya kunyofoa vipuri, umetulia kwa miaka.

Ndani hamna fumbo. Mota iko chini, mkanda unaizungusha puli, puli inaendesha giaboksi iliyojaa mafuta, na giaboksi inasukuma ajiteta, ule mnara wa katikati wenye mapezi, kwenda na kurudi. Juu kuna rola mbili za mpira zinazokamua nguo. Haina taima ya kupanga hatua, haina vali za umeme. Maji unayaingiza wewe, unayatoa wewe. Ukiilaza kwa uangalifu na kuitazama tumboni, kila kitu kinaonekana na mkono unafika.

Sasa, mnadani uangalie nini? Anza na ajiteta. Ishike, uivute kwenda juu. Ikitoka, shukuru. Isipotoka, na mara nyingi haitatoka kwa sababu alumini na chuma vimeshikana kwa miaka 40 bila kuguswa, usifikiri mashine imekufa, lakini usikubali kulipa bei ya iliyo nzima. Mashine yangu ya kwanza niliichokonoa ajiteta yake kwa bisibisi nikapasua pezi moja, na pezi la alumini halirudi. Njia iliyonifaa baadaye ni maji ya moto sana, uyajaze beseni, uache saa nzima, kisha upitishe kamba chini ya ajiteta pande zote mbili na kuvuta wima, taratibu, bila kugonga. Nilirudia kazi hiyo siku tatu. Siku ya nne ikatoka kama kifuniko cha sufuria.

Pili, mafuta ya giaboksi. Piga magoti, uangalie chini kama kuna doa bichi. Ukiweza kuona mafuta yenyewe, tazama rangi: yakiwa meusi ni umri tu, yakiwa kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, sili ya juu (mpira unaozuia maji) imekwisha, na gia zimekaa kwenye maji kwa muda ambao hakuna atakayekuambia. Hiyo iache, hata ikiwa inang'aa.

Tatu, rola. Hapa ndipo penye kile kipuri cha taabu. Mpira wa rola ulioachwa umekazwa kwa miongo hubonyea upande mmoja, ukawa kama embe lililolaliwa. Bonyeza kwa ukucha: ukibonyea na kurudi, ni mzima, ukiwa mgumu kama kwato, hautakamua, utateleza. Zipo karakana zinazovalisha rola za viwandani mpira mpya na zinaweza kukufanyia, ila gharama yake inaweza kuzidi bei uliyoinunulia mashine. Kwa hiyo mashine yenye rangi mbaya na rola nzuri ina thamani kuliko iliyo kinyume chake. Watu wengi hununua kinyumenyume.

Kuhusu beseni la alumini, nalisema kwa herufi nzito: usilisafishe kwa soda kali ya kuzibulia mabomba wala kulilowesha kwa magadi. Soda kali inaila alumini, magadi yanaitia weusi. Sabuni ya kawaida, siki, na sifongo laini vinatosha.

Utakutana pia na zile za injini. Kuanzia miaka ya 1910, kabla umeme haujafika mashambani, Maytag iliuza mashine zinazoendeshwa kwa injini ndogo ya petroli, Multi-Motor, unaiwasha kwa kukanyaga kama pikipiki, na moshi unapita kwenye bomba refu hadi nje ya dirisha. Wakusanyaji wa injini wanazipenda kwa ajili yake zenyewe, ndiyo maana mara nyingi utakuta beseni na miguu bila injini. Ukiipata kamili, iwashe nje. Moshi wake ndani ya nyumba unaua, na mwenyewe hushtuki mpaka umeshalewa nao.

Na sasa jambo linalonifanya niwakataze baadhi ya wageni wangu. Rola hazijui kitambaa na kidole. Enzi zake, majeraha ya mkono ulioingia kwenye rola yalikuwa mengi kiasi kwamba madaktari wa Marekani waliyapa jina lao wenyewe vitabuni, na wengi wa waliojeruhiwa walikuwa watoto. Maytag iliweka pau ya usalama: ukiisukuma, rola zinaachiana. Ijaribu kwa taulo lililokunjwa kabla hujaitumia hata mara moja, na kama haiachii papo hapo, usiunganishe rola mpaka umeitengeneza. Mwenye watoto wadogo wanaozunguka nyumba nzima, mimi nasema hapana. Si mashine ya nyumba hiyo, hata uwe mwangalifu vipi. Msubiri mtoto akue.

Hoovermatic ya matangi mawili

Hoover walijenga kiwanda Merthyr Tydfil, Wales, kikafunguliwa 1948, na Hoovermatic ikaanza kuuzwa mwaka 1957. Tangi moja la kufulia, lenye kisahani kinachozunguka kwa kasi na kuyatibua maji, na pembeni yake tangi jembamba la kukaushia kwa mzunguko. Kwa Mswahili huu si ugeni. Mashine za matangi mawili ndizo zimejaa madukani Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma hadi leo, kwa sababu hazingoji presha ya bomba: unajaza kwa ndoo, basi. Mjomba wako akiiona Hoovermatic ya 1965 ataitumia bila kufundishwa.

Uzuri wake ni kasi. Dakika nne hivi na nguo zimefuliwa, unazihamishia upande wa pili zikamuliwe huku nyingine zikiingia. Maji ya sabuni yanayotoka kwenye kikaushio yanaweza kurudishwa kwenye tangi la kufulia, kwa hiyo tangi moja la maji ya moto linafua nyeupe, kisha za rangi, kisha za kazi. Shangazi yangu anayeishi Leicester anayo moja, na majirani zake, wazee wa Kihindi waliotoka Uganda mwaka 1972 na Kiswahili chao bado kipo, huja kuitazama ikifanya kazi kwa sababu walikuwa na ya namna hiyo walipofika.

Ugonjwa wake ni mpira na kutu. Kati ya kikaushio na mhimili wake kuna mpira unaozuia maji yasishuke kwenye mota. Ukipasuka, maji yanadondokea penye umeme. Mpira huo ndio kipuri cha kuuliza kwanza: muuzaji anao? Wakusanyaji wa Uingereza wanazo akiba, lakini kila modeli ina wake, na unaofanana kwa macho si lazima uingie. Kutu inaanzia chini, kwenye pembe za bodi la chuma, mahali ambapo maji yalimwagika kila wiki kwa miaka 20. Ichokoe kwa bisibisi. Ikitoboka, unanunua kazi ya kuchomelea.

Modeli zenye hita ya ndani zinahitaji jicho la ziada. Hita iliyokaa bila kutumika hunyonya unyevu, na ukiiwasha umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Fundi umeme aipime kabla haijachomekwa. Kikaushio nacho: kiendeshe kitupu, ufungue kifuniko, uone breki inakisimamisha kwa muda gani. Breki iliyochoka inaacha tangi likizunguka kwa kasi huku mkono wako umeshaingia, na nguo iliyojiviringisha kwenye kidole haikupi nafasi ya kufikiri.

Otomatiki ya kufungulia juu

Maytag ilitoa otomatiki yake ya kwanza mwaka 1949. Ninazozipendekeza ni za miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu ya ujanja mmoja wa kifundi: mota inazunguka upande mmoja kufua na upande wa pili kukamua. Ikigeuka, puli inapanda kwenye mhimili uliochongwa kama skrubu na kuifungua breki. Hakuna mfumo wa solenoidi, yaani sumaku za umeme, wa kubadilisha gia kama kwenye Whirlpool za mkanda za enzi hizo. Vitu vichache vya kuharibika. Na muundo huo uliendelea kwa miongo kadhaa bila kubadilika sana, ndiyo maana mikanda, pampu na sili za baadaye bado zinapatikana na nyingi zinaingia.

Kipuri cha kuogopa ni taima. Kila modeli ina yake, ina swichi ndogo ndogo nyingi zinazogusana kwa mpangilio wake, na ya jirani haikubali. Mnadani, kama kuna umeme, zungusha kitufe hatua zote na usikilize. Kama hakuna umeme, zungusha kwa mkono, uhisi kama meno yanashika. Kisha fungua kifuniko cha mbele, ni skrubu mbili tu chini, umulike kwa tochi. Grisi iliyorushwa duara kwenye kuta za ndani inakuambia sili ya juu imevuja na beringi ya chini inakula maji. Mashine ya namna hiyo ikikamua hunguruma kama ndege inayopaa. Inatengenezeka, lakini utahitaji zana maalumu za kuvua beseni, na kazi hiyo si ya mtu anayeanza.

Kuna wanaovutiwa na Bendix, otomatiki ya kwanza ya nyumbani iliyofika sokoni, ya mwaka 1937, yenye mlango wa mbele wa kioo. Inapendeza mno. Lakini ilibidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ili isitembee, na vipuri vyake ni vya kuwinda. Hali kadhalika Frigidaire zile za General Motors ambazo ajiteta yake inapanda na kushuka badala ya kwenda na kurudi. Ziwe za pili au za tatu kwako.

Maji, muda, na nani atasimama pale

Otomatiki ya zamani inakunywa maji, inayamwaga, inakunywa tena. Wewe unaendelea na shughuli zako. Hizo mbili nyingine zinakutaka usimame hapo hapo. Jumamosi yangu ya Maytag ya rola ni saa mbili na nusu kwa nguo za familia ya watu watano: beseni moja la sabuni, ndoo kubwa mbili za bati za kusuuzia, rola inageuzwa kutoka beseni kwenda ndoo ya kwanza, kisha ya pili, kisha kapu. Mimi naipenda kazi hiyo. Nasikia nguo, naona uchafu unavyotoka, na shuka zikitoka kwenye rola ni bapa kama zimepigwa pasi ya kwanza. Asiyeipenda asijidanganye kwamba ataizoea. Mashine itarudi kufunikwa gunia.

Mpangaji wa ghorofani asichukue otomatiki nzito kabla hajamwuliza mwenye nyumba kuhusu sakafu na bomba. Hoovermatic inasogezwa hadi kwenye sinki na kurudishwa mahali pake. Ya rola inakaa vizuri hata gereji, ila kama yako ina pampu, huku kwetu baridi ya Januari ikikuta maji ndani yake, inaipasua.

Umeme na rangi, kwa zote tatu

Usichomeke ukutani siku uliyoileta nyumbani, hata muuzaji akuapie. Waya wa mpira wa zamani unapasuka ndani kabla haujaonyesha nje. Toa waya wote wa kuingilia, weka mpya wa nyaya tatu, ule wa ethi ufungwe kwenye bodi ya chuma iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Mashine nyingi za Marekani za kabla ya miaka ya 1960 zilikuja na plagi ya pini mbili, yaani bodi haina ethi kabisa, na wewe umesimama kwenye maji. Tumia soketi yenye kinga inayokata umeme ukivuja.

Kapasita ya mota, kile kikopo kinachoisaidia kuanza kuzunguka, iliyotengenezwa kabla ya 1979 inaweza kuwa na mafuta ya PCB, sumu ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka huo. Ikiwa inavuja, vaa glavu, ifunge kwenye mfuko, ipeleke kunakopokelewa taka za sumu. Na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi: piga msasa wa maji, usipige mkavu, na watoto wawe mbali.

Ukitaka kuipeleka nyumbani kwa kontena

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani umeme unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Kenya, Uganda na Tanzania ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mota ya Maytag iliyoandikwa mizunguko 1725 kwa dakika itazunguka kama 1425 ikifika Tanga, na itapata moto kuliko ilivyozoea. Kwa ya rola dawa ipo na si ghali: toa mota ya Kimarekani, iweke kando kama kumbukumbu, funga ya hezi 50 yenye nguvu sawa, na puli ya mota iwe kubwa kwa karibu sehemu moja ya tano ili mwendo urudi pale pale. Kama ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 60, tafuta ya 72 au 73. Mafundi wa kukereza chuma wa Gerezani au Gikomba wataichonga wakiwa wanazungumza na wewe. Isafirishe ikiwa imesimama wima, mafuta ya giaboksi yasije yakamwagikia mizigo ya watu.

Otomatiki ni shida zaidi, kwa kuwa mota yake lazima igeuke pande mbili na taima nayo ina kimota chake kinachohesabu hezi: dakika 10 za kufua zitakuwa 12, na kila hatua itachelewa vivyo hivyo. Mimi nisingeisafirisha.

Hoovermatic ya Uingereza haina safari hiyo ndefu. Volti ni zile zile, hezi ni zile zile, na plagi ya pini tatu bapa ndiyo iliyoko Nairobi na Dar. Shangazi ameshasema yake itakwenda Tanga akistaafu, na kitu pekee anachonunua kabla ya kuifunga kwenye sanduku ni mipira miwili ya akiba ya kikaushio.